Majaribio Manane Badala ya 128

Viwanda kadhaa vya kemikali vya aina moja vilikuwa vimefanya kazi kwa miaka, kila kimoja mahali pake, bila matata. Kikajengwa kingine. Mchakato ulikuwa ule ule, lakini kilipofika kwenye hatua ya kuchuja, kazi ilikwama. Mzunguko mmoja wa kuchuja ulichukua karibu mara mbili ya muda wa viwanda vya zamani, na kila kilichokuwa nyuma ya chujio kikabaki kinasubiri. Wataalamu wakaitana mkutanoni kutafuta mchawi.

Kisa hiki wamekisimulia George Box, William Hunter na Stuart Hunter katika kitabu chao cha mwaka 1978, *Statistics for Experimenters*, pamoja na namba zake zote. Nimekichagua kubeba sura hii kwa sababu ndani yake kuna faida yote ya majaribio ya sehemu, yaani kujaribu sehemu tu ya michanganyiko yote inayowezekana, na hatari yake yote, na namba zenyewe ni chache kiasi kwamba msomaji anaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi. Naomba uzihakiki.

Mkutano ule ulitoa washukiwa saba. Wa kwanza ni maji: yatumike ya bwawa la mji au ya kisima? Wa pili ni malighafi, iliyotengenezwa pale pale au iliyotoka kwingine. Wa tatu ni joto la kuchujia, chini au juu. Wa nne, kama sehemu ya bidhaa irudishwe kwenye mchakato au isirudishwe. Wa tano ni kasi ya kumimina kostiki soda, haraka au polepole. Wa sita ni kitambaa cha chujio, kipya au cha zamani. Wa saba ni muda wa kuuacha mchanganyiko utulie, mfupi au mrefu.

Ukitaka kujaribu kila mchanganyiko wa hali hizo, unazidisha mbili kwa mbili mara saba na unapata majaribio 128. Kiwanda ambacho tayari kimechelewa hakina nafasi ya majaribio 128. Wahandisi wengi hapo hukimbilia njia waliyofundishwa tangu sekondari: badilisha kitu kimoja, vingine vyote viache kama vilivyo, pima, kirudishe mahali pake, kisha nenda kwenye kinachofuata. Njia hiyo ina sura ya nidhamu, na ndiyo maana imedumu. Baadaye kidogo tutaona ingewafikisha wapi.

Waliokuwa kwenye kiwanda kile walianza na majaribio manane tu.

Ujanja wake unaanza na vipengele vitatu vya kwanza: maji, malighafi na joto. Vitatu vyenye hali mbili mbili vinazaa michanganyiko minane, na yote minane ikaandikwa kwenye jedwali, mstari mmoja kwa kila jaribio. Hali moja ya kila kipengele ikapewa alama ya kutoa, nyingine alama ya kujumlisha. Maji ya mji yalikuwa kutoa, ya kisima kujumlisha. Joto la chini kutoa, la juu kujumlisha. Hadi hapo hakuna jipya. Vipengele vinne vilivyobaki vikaingizwa kwenye mistari ile ile minane bila kuongeza hata mmoja, kila kimoja kikipewa safu iliyopatikana kwa kuzidisha alama za safu zilizotangulia. Safu ya kostiki ilizaliwa kwa kuzidisha safu ya maji na safu ya joto. Pale alama mbili zilipofanana, kostiki ilipata kujumlisha, yaani imiminwe polepole. Zilipotofautiana ilipata kutoa, yaani imiminwe haraka. Kurudisha bidhaa kulitokana na maji mara malighafi, kitambaa kilitokana na malighafi mara joto, na muda wa kutulia ulitokana na vyote vitatu.

Ukilikagua jedwali la namna hiyo utakuta kila kipengele kina majaribio manne upande huu na manne upande ule, na ndani ya kila manne vipengele vingine vyote sita vimegawanyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo kila jaribio linafanya kazi saba kwa mpigo. Anayebadilisha kimoja kimoja naye hufanya majaribio manane, moja la kuanzia na saba ya mabadiliko, lakini kila hukumu yake inasimama juu ya kulinganisha jaribio moja na jaribio moja. Hapa kila hukumu inasimama juu ya manne dhidi ya manne. Gharama ni ile ile, na uthabiti wa jibu umepanda sana.

Dakika za kuchuja zilizopatikana, kwa mpangilio wa jedwali, zilikuwa 68.4, 77.7, 66.4, 81.0, 78.6, 41.2, 68.7 na 38.7. Katika majaribio manne ambayo kostiki ilimiminwa polepole (la kwanza, la tatu, la sita na la nane) wastani ni dakika 53.7. Katika manne ya haraka ni 76.5. Tofauti yake ni karibu dakika 22.8, na polepole ndiko kuzuri. Ukifanya hivyo hivyo kwa joto, joto la juu linapunguza dakika 16.6. Kwa maji, ya kisima yanapunguza 10.9. Vipengele vinne vilivyosalia havikufika hata dakika 3.5 kila kimoja, kiasi ambacho ni rahisi kukihesabu kama yumbayumba za kawaida za kiwanda.

Meneja mwenye haraka angefunga daftari hapo na kuagiza maji ya kisima, joto la juu na kostiki polepole. Na kwa kweli uchujaji ungekuwa wa kasi. Lakini angekuwa ameamini jambo lisilo la kweli kuhusu joto, na angelipia nishati ya kupasha kila siku, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya jambo hilo.

Majaribio ya sehemu ni mkopo. Umepewa majibu ya vipengele saba kwa sehemu moja ya kumi na sita ya kazi, na unachodaiwa ni utata. Uzuri wake, na hapa ndipo ninapoipenda mbinu hii kuliko nyingine zote za takwimu, ni kwamba deni limeandikwa tangu mwanzo: unajua nani anakudai na anakudai nini, hata kabla hujawasha mtambo.

Safu ya kostiki ilipatikana kwa kuzidisha maji na joto. Basi ukizidisha maji na kostiki, unachopata ni safu ya joto yenyewe, alama kwa alama. Maana yake, kama maji na kostiki vina mwingiliano, yaani kimoja hufanya kazi tofauti kutegemea hali ya kingine, mwingiliano huo utajitokeza kwenye jedwali ukiwa umevaa nguo za joto. Hesabu haina namna ya kuvitenganisha. Dakika 16.6 zinaweza kuwa za joto, au za maji na kostiki zikishirikiana, au za vyote viwili vikichangiana. Vivyo hivyo dakika za kostiki zinaweza kuwa za maji na joto, na za maji zinaweza kuwa za joto na kostiki. Namba tatu kubwa zilizotoka zina angalau tafsiri nne zinazoingia akilini, na data ile ya majaribio manane inazikubali zote nne sawasawa.

Hapa watu hugawanyika. Wapo wanaosema mbinu yenye utata kama huo haifai. Wapo wengine, na hawa ni wengi zaidi tangu programu za kompyuta zianze kuchora majedwali zenyewe, wanaopokea jibu la kwanza bila kujua kuna utata wowote. Makundi yote mawili yamekosea kwa sababu moja: yanachukulia yale majaribio manane kama mwisho wa kazi, ilhali yalikusudiwa kuwa mwanzo.

Wale wa kiwanda kipya waliongeza manane mengine. Safari hii waligeuza kila alama: palipokuwa na kutoa wakaweka kujumlisha, palipokuwa na kujumlisha wakaweka kutoa, jedwali zima. Ukigeuza alama zote, safu ya joto inageuka. Lakini maji mara kostiki haigeuki, kwa kuwa kutoa mara kutoa ni sawa na kujumlisha mara kujumlisha. Mapacha wawili waliokuwa wakienda pamoja sasa wanaelekea pande tofauti.

Matokeo ya pili yalikuwa 66.7, 65.0, 86.4, 61.9, 47.8, 59.0, 42.6 na 67.6. Angalia joto peke yake. Katika manane ya kwanza, joto la juu lilionekana kupunguza dakika 16.6. Katika manane ya pili lilionekana kuongeza dakika 15.8. Kitu kile kile, kiwanda kile kile, mwelekeo kinyume kabisa. Ukiyaweka yote kumi na sita pamoja, athari ya joto ni upungufu wa dakika 0.4, ambayo ni sawa na hakuna. Joto halikuwa na hatia. Waliohusika ni maji na kostiki, kwa pamoja.

Baada ya hapo jedwali zima la majaribio kumi na sita linakunjika na kuwa pembe nne tu. Maji ya mji na kostiki ya haraka: wastani wa dakika 68.5. Maji ya mji na kostiki ya polepole: 65.4. Maji ya kisima na kostiki ya haraka: 78.0. Maji ya kisima na kostiki ya polepole: 42.6.

Sasa mrudie yule mhandisi wa kubadilisha kimoja kimoja. Tuseme anaanzia kwenye maji ya mji na kostiki ya haraka, dakika 68.5. Anabadilisha maji na kuweka ya kisima, muda unapanda hadi 78. Anayarudisha ya mji na kuandika kwamba kisima ni kibaya. Anajaribu kostiki polepole, anapata 65.4, nafuu ya dakika tatu, haimshawishi. Anaendelea na joto, kitambaa na vingine, na havimpi kitu. Anaandika ripoti ndefu, safi na ya uaminifu inayosema kwamba hakuna hata moja kati ya mambo saba linaloleta nafuu ya maana. Dakika 42.6 zilikuwepo muda wote, kwenye pembe ambayo njia yake haimruhusu kuikanyaga.

Kuna jambo lingine kwenye pembe ile ambalo napenda kila anayesimamia kiwanda alione. Majaribio manne yaliyotoa wastani wa 42.6 yalikuwa 41.2, 38.7, 47.8 na 42.6. Ndani ya manne hayo, malighafi, joto, kurudisha bidhaa, kitambaa na muda wa kutulia vilikuwa vikibadilika huku na huku. Hata hivyo matokeo yalibaki karibu karibu. Ushahidi wa aina hii una thamani kuliko kurudia jaribio moja mara nne katika mazingira yale yale, kwa sababu unakuambia kwamba nafuu itabaki hata malighafi ikibadilika na kitambaa kikichakaa.

Mbinu hii haikuzaliwa kiwandani. Ilianzia shambani, Rothamsted nchini Uingereza, ambako Ronald Fisher alifika mwaka 1919 kuchambua rekodi za majaribio ya mbolea na mazao. Mwaka 1926 aliandika makala akipinga wazo kwamba maumbile yaulizwe swali moja moja; kwa maoni yake yanajibu vizuri zaidi yakipewa maswali mengi yaliyopangwa kwa akili. Frank Yates, aliyefanya kazi hapo hapo, akazipa hesabu zake utaratibu mwaka 1937. Mwaka 1945 David Finney, aliyewahi kuwa Rothamsted pia, akaeleza kinadharia jinsi ya kuchukua sehemu tu ya michanganyiko yote, na mwaka uliofuata Robin Plackett na Peter Burman wakachapisha majedwali yanayoweza kupima vipengele 11 kwa majaribio 12. Kabla ya nadharia hiyo, L. H. C. Tippett alikuwa amekwisha kufanya jambo la namna hiyo kwenye mashine ya kusokota pamba: vipengele vitano, kila kimoja kikiwa na hali tano, ambavyo kwa ukamilifu wake vingehitaji majaribio 3,125. Tippett alifanya 25.

Kutoka hapo mbinu ilisafiri hadi Japani, na kisa maarufu cha huko kinastahili nafasi kwa sababu kinaonyesha upande mwingine. Mwaka 1953 kampuni ya vigae ya Ina ilikuwa na tanuri ambalo joto lake halikuenea sawa. Vigae vilivyopangwa nje ya rundo vilitoka na ukubwa tofauti na vya ndani. Chanzo kilijulikana, na dawa yake ilijulikana: kulijenga upya tanuri, kwa gharama kubwa. Wao wakauliza swali tofauti. Je, udongo wenyewe unaweza kuchanganywa kwa namna ambayo hautajali sana joto la tanuri? Wakachukua vipengele saba vya mchanganyiko, vikiwemo kiasi cha chokaa, kiasi cha feldispa, taka zilizorudishwa na uzito wa malighafi kwa mkupuo mmoja, wakavitia kwenye jedwali la mistari minane, na wakahesabu vigae vibovu katika kila mia.

Mchanganyiko mzuri ulitoa vibovu 6, mbaya kabisa ulitoa 68. Kwa chokaa ya asilimia 5, vibovu vilikuwa 51 kati ya 400. Kwa asilimia 1 vilikuwa 142. Na chokaa ni kitu cha bei nafuu. Genichi Taguchi alikieneza kisa hiki duniani kama mfano wa kuufanya mchakato uwe mvumilivu badala ya kupigana na kila chanzo cha usumbufu, na kwa wazo hilo viwanda vina deni kubwa kwake.

Lakini jedwali la vigae lina umbo lile lile la jedwali la chujio, na deni lake ni lile lile. Safu ya chokaa ndiyo hiyo hiyo unayoipata ukizidisha safu nyingine mbili za jedwali. Kwa namba zile nane peke yake, huwezi kusema kwa uhakika ni chokaa iliyoponya vigae. Taguchi na wafuasi wake walisisitiza jaribio la uthibitisho kabla ya kubadili uzalishaji, na hilo ni sahihi. Jaribio la uthibitisho linakuambia kama mchanganyiko ulioteuliwa unafanya kazi. Halikuambii kwa nini. Siku malighafi itakapotoka machimbo mengine na vigae vikaanza tena kutofautiana ukubwa, yule asiyejua kwa nini ataanza upya. Kwa sababu hiyo mimi niko upande wa Box: kama una uwezo wa kuongeza majaribio manane ya kugeuza alama, yaongeze.

Box na wenzake walikuwa na kanuni ya bajeti ambayo ningeipa kila meneja wa uzalishaji: usitumie zaidi ya robo ya rasilimali zako kwenye jaribio la kwanza. Utakapomaliza jaribio hilo utajua mengi kuliko ulivyojua ulipolipanga, na itakuwa huzuni kubwa kuwa na maswali mazuri bila fedha ya kuyauliza. Kwa wazalishaji wadogo kanuni hii ina uzito zaidi. Kikundi cha akina mama wa Kigoma kinachopika sabuni ya mawese kina vipengele kama vya kiwanda: nguvu ya kostiki, joto la mafuta, muda wa kukoroga, kiasi cha chumvi, siku za kukausha. Hakiwezi kuharibu ndoo 32 za mafuta ili kujua sabuni inapasuka kwa nini. Ndoo nane kinaweza.

Atakayejaribu na ajue mambo mawili yanayoharibu kazi hii kuliko hesabu zozote. La kwanza ni mpangilio wa siku. Jedwali limeandikwa kwa utaratibu mzuri, na kishawishi cha kulifuata mstari kwa mstari ni kikubwa, hasa pale kubadilisha joto au kitambaa kunapochosha mafundi. Ukifuata, majaribio manne ya mwanzo yote yatakuwa ya joto la chini, tena yatafanyika asubuhi, na manne ya joto la juu yatafanyika mchana mtambo ukiwa umeshapata moto. Hapo saa ya siku nayo imevaa nguo za joto, na namba za majaribio hayo manane peke yake haziwezi kuivua. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, vikunje, mpe mtu achomoe.

La pili ni kwamba jedwali dogo halina akiba. Kwenye majaribio 128, moja likiharibika hakuna atakayeliona pengo. Kwenye manane, jaribio moja lililofanywa kwa kostiki ya haraka wakati karatasi ilisema polepole linaingia kwenye hesabu ya kila kipengele, na linazichafua namba zote saba. Kwa hiyo maelekezo ya kila jaribio yaandikwe kwa maneno kamili kwenye karatasi yake peke yake, si kwa alama za kutoa na kujumlisha, na fundi wa zamu aelezwe kwamba baadhi ya michanganyiko itaonekana ya kipuuzi na bado inapaswa kufuatwa vile vile. Mpanga jaribio awe pale mtambo unapowashwa, zamu ya usiku ikiwemo. Na karatasi iwe na nafasi pana ya maelezo, ili umeme ukikatika kwa dakika ishirini katikati ya jaribio la tano, au pipa la malighafi likibadilishwa, fundi aandike pale pale saa ngapi na nini kilitokea.